Ile Sentensi Uliyoifuta

Nekesa mwanangu,

Mambo ya sweta, ya kufunga mlango vizuri na ya kutokula chipsi kila siku nimeyaacha. Hayo utayafanya ama hutayafanya, na mimi sitakuwa huko Nairobi kukuchunga. Nakuandikia kwa sababu nimekasirika, na mimi nikikasirika nikafungua mdomo wewe unaniambia "sawa mama", unachukua simu yako, na maneno yanaishia hapo. Barua hutaweza kuiambia sawa. Kesho utaisoma ndani ya gari mpaka mwisho, maana hutakuwa na pahali pengine pa kwenda.

Saa hizi umeenda Huruma, mtaa wa pili hapa, kuaga wasichana mliosoma nao. Stima imepotea Langas yote tangu tutoke kanisani, pasi ni baridi, na gauni la mteja limelala hapo mezani halina la kufanywa. Baba yako yuko nje anagonga sanduku lako, ati gurudumu moja limelegea. Kwa hivyo nina nafasi, na nina hasira, na kalamu inaandika.

Nataka tuongee juu ya jana. Ulikuwa umekaa hapa kwa meza yangu ya kukatia nguo, laptop yako juu ya karatasi zangu za vipimo, ukampigia bosi wako simu na kuiweka spika kwa sababu mikono ilikuwa inaandika. Mimi nilikuwa natia uzi kwa sindano. Nilimsikia vizuri kabisa, hata pumzi yake.

"Nekesa, kazi iko poa sana," alisema. "Lakini ile sentensi ya mwisho, pale kwa wakurugenzi, itoe. AI ikisoma hiyo inaanza kusitasita. Klaienti analipia jibu, halipii wasiwasi."

Na wewe ukasema, "Sawa."

Hukumuuliza kwa nini. Hukumwambia nipe siku mbili nifikirie. Niliona kidole chako kikibonyeza na sentensi ikaenda zake, halafu ukageuka ukaniuliza kama kuna chai.

Sasa usiseme ati mama haelewi kazi yangu. Naielewa. Ulinieleza wewe mwenyewe, na ulinieleza vizuri kushinda mwalimu yeyote niliyewahi kukaa mbele yake. Kila kampuni hupeleka karatasi zake serikalini: inaitwaje, ofisi yake iko wapi, wakurugenzi ni akina nani, hisa ni za nani, na kama bado inaleta ripoti yake ya kila mwaka. Hawa waliokuajiri wametengeneza njia ya kuchungulia hizo karatasi, na wanaiuza. Hawauzii watu, wanauzia hizi mashine za AI ambazo benki na wakopeshaji na watu wa tenda wanazituma siku hizi kwenda kuchunguza watu. Mashine inauliza, inapewa jibu, na akaunti ya mwenye mashine inakatwa kitu kidogo, kama tokeni za stima zinavyoisha ukiwasha pasi.

Lakini mashine haizaliwi ikijua kutumia hicho chombo. Lazima mtu aiandikie: hiki chombo kinafanya nini, kitumie wakati gani, kipe nini, na kikikujibu hivi maana yake ni hivi. Huyo mtu ni wewe. Nilikuuliza, "Kwani haina akili?" Ukaniambia, "Iko na akili nyingi, mama, lakini haikulelewa hapa. Juu ya hiki chombo inajua tu kile nimeiandikia." Nililipenda sana hilo jibu. Niliwasimulia akina mama wa kanisa kwamba Nekesa anaandikia mashine maelezo. Mmoja akaniuliza kama ni mashine za kusaga posho.

Jana asubuhi, kabla ya hiyo simu, ukaanza kunisomea kile umeandika, wewe ukisoma na mimi nikipinda mikono ya blauzi. Ulipofika kwa wakurugenzi ukasoma, "Orodha ya watu wanaosimamia kampuni." Nikasimamisha cherehani.

Nikakuuliza, "Baba yako anasimamia kampuni gani?"

Ukaandika jina la ile kampuni iliyotutesa kwa hicho chombo chenu, bila mimi kukuambia, na jibu likaja kabla sijaweka makasi chini. Majina yake yote matatu. Mkurugenzi. Kampuni hai. Ukarudi kwa maelezo yako ukaandika ile sentensi, na mimi nilisimama nyuma yako nikaisoma ikitoka: kwamba jina kuonekana hapa si uthibitisho kuwa mwenyewe alijua au alikubali, na kabla ya kumnyima mtu kitu kwa sababu ya jina hili, aulizwe kwanza. Nekesa, nilijivunia hiyo sentensi kuliko ile kofia yako ya kuhitimu chuo. Ukamtumia bosi, na furaha yangu ilidumu mpaka hiyo simu yenu.

Wewe hii habari yetu unaijua kwa upande wa mtoto. Nikupe upande wangu, ndiyo ujue ni kwa nini nilikataa kula jana jioni nikasema ni tumbo.

Baba yako alienda Moiben kujenga madarasa ya shule. Mwenye kazi alikuwa mtu wa hapa tauni, shati safi hata kukiwa na matope, sisi tulimwita Kontrakta tu. Na unajua desturi ya mjengo. Asubuhi mtu anaacha kitambulisho kwa msimamizi, jioni anarudishiwa pamoja na pesa yake, ndiyo asitoroke na sululu ya wenyewe. Hakuna anayeuliza. Baba yako ameacha kitambulisho namna hiyo tangu atoke Bungoma akiwa kijana, mkono wake unaingia mfukoni wenyewe akiona geti la mjengo. Siku moja Kontrakta akakaa na vitambulisho mpaka kesho yake. Akasema anavitoa kopi kwa sababu ya bima, jiwe likimwangukia mtu familia isiteseke. Wanaume wakamshukuru. Mimi pia nilisema hapa nyumbani, walau tumepata kontrakta anayefikiria watu. Halafu akaomba simu zao, ati kuna namba ya bima itakuja kwa mesej. Baba yako hakumsomea namba. Alimpa simu yenyewe, akarudi kuchanganya simiti.

Madarasa yakaisha, Kontrakta akaenda, tukamsahau.

Halafu wewe ukapata barua ya kuitwa chuo, na tukaomba basari ya kukulipia karo. Unaikumbuka ile foleni, watu wamejifunika leso kwa baridi, na yule msichana wa kaunta na kompyuta yake. Akaandika, akangoja, akaniambia, "Mama, hii imekataliwa. Baba wa mwombaji ni mkurugenzi wa kampuni."

Mimi nilicheka. Kicheko cha kweli. Nikamwambia, "Dada, huyo mtu unayemsema yuko pale mlangoni, amejaa simiti mpaka kwa nyusi." Yeye hakucheka. Akanigeuzia kioo nikaona jina la mume wangu limekaa hapo kama la tajiri.

Nilichofanya baadaye unakijua kwa sababu ni wewe ulikuwa unanivuta nguo. Nilimwita mwizi. Nikamwambia amekula basari ya mtoto wangu na watu wa kwao. Foleni yote ikageuka, askari akaja na rungu yake, na msichana wa watu amekaa tu macho chini, anasema, "Mama, mimi nasoma tu kilichoandikwa." Kila akisema hivyo ndivyo nilizidi kupandisha sauti.

Ukakaa nyumbani mwaka ule mzima. Ulikuwa unashona vifungo hapa dukani, na rafiki zako wakikupigia kutoka chuoni nilikusikia ukiwaambia umeahirisha kwa sababu unataka kunisaidia kazi. Ulidanganya ndiyo baba yako asiaibike. Mimi nilikuwa nasikia, nakanyaga cherehani kwa nguvu ili usijue nimesikia.

Na mbaya zaidi ikawa kanisani. Mtu wa ile foleni alileta habari Langas mbio mbio, na Jumapili iliyofuata baba yako akawa "Dairekta". Tukiwa kwa harambee ya paa la kanisa, pasta akashika maiki akasema, "Na Dairekta wetu pale nyuma anatuambia nini?" Baba yako akasimama. Nikajua sasa atasema ukweli, watu waelewe. Akakohoa, akanyoosha koti, akaahidi mifuko ya simiti.

Tulipofika nyumbani sikungoja hata avue viatu. "Wafula, wewe uko na kampuni?"

"Sina."

"Sasa hiyo simiti inatoka wapi?"

Akakaa kwa kiti akaangalia mikono yake. "Mama Nekesa," akasema, "tangu nizaliwe hakuna mtu amewahi kuniita kitu. Ni 'fundi leta maji', 'fundi ongeza mchanga'. Leo nimeitwa, nikasimama."

Lakini hasira haikuisha, na sasa hivi nikiandika inanipanda tena. Wamemwibia mtu jina lake, halafu wamemwachia cheo cha uwongo ashike, na yeye maskini ya Mungu akakishika kwa mikono miwili. Mimi hapo ndipo nilimchukia Kontrakta. Sio kwa sababu ya basari. Ni kwa sababu alimfanya baba yako afurahie kuibiwa.

Tulizunguka kutafuta kumtoa. Kijana wa saiba, pale pa kompyuta za kulipia, akatuambia kampuni yenyewe ndiyo inapeleka taarifa kwamba mkurugenzi ameacha, kwa akaunti yake. Akaunti ni ya Kontrakta, ndiye aliyeifungua kampuni kwa zile kopi na ile simu. Simu ya Kontrakta haipatikani. Tukafuata ofisi ya kampuni kama ilivyoandikwa, ikatupeleka Huruma kwa kinyozi ambaye hajawahi kusikia kampuni yoyote, na kwa huruma yake akampa baba yako kiti akamnyoa bure. Chifu akatuandikia barua. Wakili akataka tule kiapo kwanza, halafu aone. Ofisi ya mwisho tuliyoenda kulikuwa na mwanaume wa miwani, akaangalia kompyuta yake akasema, "Mama, sistimu inasema ni yeye."

Nikamwambia, "Lakini yeye mwenyewe ndiye huyu amesimama mbele yako, anasema siye."

"Sistimu ndiyo inasema."

Baba yako alikuwa amesimama hapo hapo, Nekesa, kofia mkononi, mtu mzima na sauti yake. Na yule mtu anaamini kioo. Sijalimeza hilo neno hadi leo.

Nikuambie kitu ambacho sijakusimulia. Yule msichana wa basari alikuja hapa dukani. Wewe ulikuwa umeshaingia chuo, baada ya mjomba wako kuuza ng'ombe wake. Alikuja na mimba kubwa, anataka gauni lake lipanuliwe. Tulijuana wakati nimeshamzungushia tepu kiunoni, kwa hivyo hakuna aliyeweza kukimbia. Nikamwomba msamaha nikiwa na pini mdomoni. Akasema alikuwa ametukanwa na watu wengi, lakini mimi alinikumbuka kwa sababu alijua nasema ukweli.

Nikatoa pini zote mdomoni. "Ulijua?"

"Nilimwona mzee akikungoja kwa mlango, mama. Nilimwona viatu. Nilitaka kukuuliza vizuri, hii kampuni mnaijua? Lakini kwa meza yetu kulikuwa na karatasi ya maagizo. Mzazi akiwa mkurugenzi, kataa. Hakuna mahali iliandikwa uliza."

Nikamuuliza hiyo karatasi iliandikwa na nani. Hakujua. Mtu fulani, ofisi fulani, juu huko.

Tangu siku hiyo hasira yangu ilihama. Nilikuwa nimempigia kelele msichana anayesoma, na mwenye makosa ni yule aliyemwandikia cha kusoma. Nilimtafuta huyo mtu kwa mawazo yangu miaka yote hii. Nilimfanya mnene, ana tai, anakunywa chai ya maziwa mengi, hajawahi kukanyaga Langas. Nilimwekea maneno makali sana, nikipiga pasi nayapanga. Jana nikamwona. Alikuwa amekaa kwa meza yangu, mtoto wangu mwenyewe niliyemzaa, anabonyeza kidole, ananiuliza kama kuna chai.

Ndiyo maana sikula.

Na usifikiri mambo haya ni ya zamani. Juzi baba yako aliomba mkopo kwa simu, anataka mashine yake ya kuchanganyia zege asiwe anakodisha kwa watu. Akajibiwa kabla hajafunga simu. Mesej ndefu, Kiswahili kizuri, "Bwana Wafula, tunasikitika", kampuni yako haijawasilisha ripoti zake. Nikachukua simu nikatafuta wa kutukana, hakuna mtu. Ni mashine. Baba yako akaiandikia kwa kidole kimoja, polepole, "Mimi sina kampuni." Ikamjibu, "Asante kwa maelezo yako." Basi. Ombi likabaki limekataliwa. Yule msichana wa kaunta walau aliona viatu. Hii haina macho ya kuona viatu, Nekesa, na ndiyo hii unayoiandikia.

Sikuambii uache kazi. Mimi si mjinga. Najua umeitafuta kazi mpaka ukaacha kuniambia ukienda kwa intavyu. Najua Nairobi nyumba inalipiwa kabla hujalala ndani. Na hilo neno "sawa" mimi nalijua kuliko wewe, nimelisema kabla hujazaliwa.

Kabla nifungue duka hili nilishonea mwanaume mmoja hapa tauni, alikuwa na tenda ya yunifomu. Siku moja akaja akatuambia tupunguze pindo la sketi, tuache kidogo tu ya kushikilia uzi, ndiyo kitambaa kitoe sketi nyingi. Shule inalipa vile vile. Nilijua ni vibaya. Fundi yeyote anajua pindo la sketi ya mtoto ndilo linalomngoja akue. Nikasema sawa, nikakata. Muhula ukaisha, watoto wakarefuka kama watoto, na akina mama wakaanza kuleta sketi zishushwe. Hakuna cha kushusha. Hawakwenda kwa mwenye tenda, walikuja kwangu, kwa sababu mimi ndiye walinijua. Mama mmoja aliniwekea sketi mezani akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwani fundi, ulifikiri mtoto wangu hatakua?" Jibu lilikuwa mdomoni, kwamba bosi ndiye alisema. Niliona aibu kulitoa.

Shule ndiyo ililipa, na mtoto ndiye alivaa. Yeye hakuna aliyemuuliza. Huko kwenu benki ndiyo inalipa, na wa kuvaa ni baba yako, na wengine kama yeye ambao sisi hatuwajui, wako Kitale, wako Busia, wanaacha kitambulisho kwa geti kila asubuhi. Bosi wako akisema klaienti analipia jibu, anasema kweli. Lakini jibu likiwa la uwongo ni nani analipa? Muulize hilo siku moja, pole pole, mkiwa mnakula.

Usiende kupigana naye siku ya kwanza. Nilimsikia sauti, si mtu mbaya, ni kijana anayeogopa wateja wake. Mwambie kwa lugha yake. Mwambie siku moja mashine ya klaienti itamnyima mtu asiyestahili kunyimwa, na huyo mtu hatakuwa fundi wa Langas wa kuzungushwa mpaka kwa kinyozi. Atakuwa na wakili. Na wakili ataitisha maelezo mliyoandikia mashine, ayasome mstari kwa mstari, atafute kama mliionya. Siku hiyo ile sentensi yako ndiyo itakuwa rafiki wa pekee wa bosi wako. Na mwambie mashine kusitasita mahali penye shaka si ugonjwa. Yule msichana wa kaunta alisita, na kusita kwake ndiyo kitu cha pekee cha kibinadamu tulichokutana nacho katika ofisi zote tulizozunguka.

Ukikataliwa pale kwa wakurugenzi, iweke mahali pengine. Uliniambia kuna sehemu ya mwisho ya kueleza hicho chombo hakijui nini. Weka hapo. Andika kwamba chombo kinajua kilichopelekwa serikalini, na hakijui nani alishika simu ya nani siku kilipopelekwa. Kama hata hapo hataki, mwache aitoe yeye mwenyewe. Mpe laptop. Abonyeze na kidole chake. Mimi nitakasirika bado, lakini nitakasirikia mtoto wa watu, sio wangu.

Baba yako ameingia saa hii kuchukua bisibisi, akaniuliza naandika nini hivi kurasa na kurasa. Nimemsomea kidogo. Anasema nisikupe, nitakuharibia kazi, wewe ni mtoto na ndiyo unaanza. "Mimi nimezoea," anasema. Amesema hivyo akitabasamu, akarudi kwa sanduku lako. Hilo neno lake linanikasirisha kuliko Kontrakta, kuliko yule wa miwani, kuliko bosi wako. Mtu hapaswi kuzoea kuambiwa yeye ni nani na watu ambao hawajamwangalia. Wewe ukilizoea hili neno huko uendako, kwa ajili yako ama kwa ajili ya mtu mwingine, nitapanda gari nije.

Uliniambia jambo moja zuri juu ya hizo mashine, na nimelilalia nikaliamkia. Ulisema hazichoki, hazina haraka ya kwenda lanchi, hazimdharau mtu kwa sababu ana simiti kwa viatu. Zinafanya kile zimeandikiwa, na zinaweza kuongea na mtu kwa simu yake, kwa lugha yake, zikangoja ajibu na kidole kimoja. Basi hiyo kazi ya kuuliza iandikie. Iandikie wazi, mahali itaiona. Kontrakta hakumuuliza baba yako. Watu wa basari hawakumuuliza. Yule wa miwani alimwona amesimama na hakumuuliza. Mimi mke wake, siku ile ya kwanza nikitoka kwa ile foleni, sikumuuliza vizuri. Nilimshika shati nikamwambia atoe hiyo kampuni anayonificha. Pasta hakumuuliza. Wewe pia, Nekesa, jana jina lake lilipotokea kwa kioo alikuwa hapo nje kwa mlango, na ulifunga laptop bila kumwita.

Iandikie hiyo mashine yako imuulize mwenyewe. Iwe ya kwanza kumuuliza.

Mimi mama yako,
Langas